Shati la Masanja

Mwezi uliopita ziwa lilimchukua kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Igogo, na mpaka leo halijamrudisha. Ameacha mke, anaitwa Rehema, binti mpole, tunaimba naye kwaya moja. Nilikwenda msibani kama inavyopasa, nikakaa mkekani chini ya turubai, nikapewa wali na maharage. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanamenya vitunguu.

"Umeyaona macho ya yule bibi?"

"Shusha sauti."

"Mimi nasema tu. Mekundu kama pilipili iliyoiva."

"Ni moshi. Amebanika samaki tangu hatujazaliwa."

"Moshi, moshi. Mama yangu naye kabanika, mbona yake meupe?"

"Mama yako alikuwa anabanika au anasinzia?"

Wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye vitunguu. Mimi nilimaliza wali wangu bila kugeuka. Mzee akigeuka watasema amekasirika, na mzee akikasirika halafu mtoto wa mtu akaugua homa, mnajua yanayofuata. Mbele yangu Rehema alikuwa amekaa na khanga kichwani, na shangazi mmoja wa upande wa mume anamnong'oneza sikioni, ananong'ona na kunong'ona, na Rehema anatikisa kichwa kama mtu anayesinzia. Mahali pale alipokaa nilishawahi kukaa mimi. Maneno yale nilishawahi kunong'onezwa mimi.

Ya baba na mama yangu sitayasema hapa. Nilifika darasa la tatu, Biblia naisoma kwa kidole, neno kwa neno, na hiyo imenitosha. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa binti mbichi nimeolewa na Masanja, fundi wa mitumbwi, tukikaa kwa mama yake huko chini kwenye mawe. Wanaoijua Mwanza wanajua mawe yetu. Nyumba ile ilikuwa imebanwa kati ya mawe mawili makubwa kuliko yenyewe, na moja limepanda juu ya jingine kama litaanguka kesho. Mchana mawe yalimeza jua, jioni yakatupumulia joto lote kupitia ukutani. Sebuleni kulikuwa na meza, viti viwili, na msumari nyuma ya mlango. Kwenye msumari Masanja alitundika shati lake la kazi, la kaki, kola imechanika. Lilinuka jasho, maranda ya mbao, na lami ya kuzibia mitumbwi. Nilikuwa namgombeza kwa harufu ile. Nilimwambia shati hili litasimama lenyewe siku moja liende kazini bila wewe.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Kabula, mjane mzee asiye na mtoto, aliyebanika samaki ufukweni. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi saa zote. Jioni moja Masanja alikwenda kumtengenezea mlango wake, nami nikamfuata na bakuli la dagaa. Nilipofika nilimsikia bibi akisema, "Masanja mjukuu wangu, kesho usivuke. Ziwa lina sura mbaya." Masanja akacheka, misumari iko mdomoni, akasema, "Bibi, lini lilikuwa na sura nzuri?" Kesho yake akavuka kwenda visiwani kutengeneza mtumbwi wa mtu, akiwa amevaa shati jipya kwa sababu ni safari. Chombo kilichowabeba kilipinduka. Wenzake wawili waliokotwa. Yeye hapana.

Kwetu mtu akifa maji na mwili usionekane, wengi hawasemi amekufa. Wanasema amechukuliwa. Wanasema amefanywa msukule: mchawi amemficha, amemkata ulimi, anamlisha pumba, anamtumikisha mchana kweupe mbele ya macho ya ndugu zake na hakuna anayemwona. Mama mkwe wangu aliamini hivyo kuanzia siku ya kwanza, na nani angemlaumu? Mtu aliyechukuliwa anaweza kurudishwa. Kila jioni tulipopakua, aliweka sahani ya tatu, ugali na kipande cha sato, akaifunika, akaiacha kizingitini. Alisema, "Asije akapita na njaa." Asubuhi nikiifunua, ugali ulikuwa umemegwa. Haukuliwa na mbwa wala paka. Ulikuwa umemegwa kwa vidole, na umebonyezwa katikati kwa dole gumba, kama afanyavyo mtu anayechota mchuzi. Mama mkwe alikuwa ananitazama tu. Mimi nilichukua sahani ile nikaiosha.

Kisha ikaanza nyundo. Ilikuwa saa za mchana, jua la utosini, watu wamelala au wako sokoni. Kutoka kwenye mawe ya chini, alipokuwa akifanyia kazi Masanja, ilikuja sauti ya nyundo juu ya ubao. Ngo, ngo. Kimya. Ngo. Huo ulikuwa mwendo wake yeye. Alipiga mbili, akasita kutoa msumari mwingine mdomoni, akapiga moja ya kuushikisha. Mafundi wote wa ufukwe ule niliwajua, na hakuna aliyepiga hivyo. Mara ya kwanza niliacha kuchambua mchele. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, akasema bila kugeuka, "Unasikia?" Nikasema sisikii. Akasema, "Unasikia, Milembe. Uso wako umesikia."

Shemeji yangu Shija, mkubwa wa Masanja, ndiye aliyeleta shauri. Alikuja na baiskeli yake, akakaa kiti cha marehemu, akala alichopikiwa, akanawa, ndipo akasema.

"Shemeji, tumempata mganga. Yuko huko ndani, mbali na ziwa. Anataka vitu viwili tu. Shati la ndugu yangu ambalo halijaguswa na maji, na neno kutoka mdomoni mwako."

"Neno gani?"

"Nani alimwambia neno juu ya safari kabla hajasafiri. Mke ndiye anayejua. Ukimtaja mbele ya shati, shati litajibu."

"Shati linajibuje?"

"Wewe si mganga. Utaona."

"Na huyo nitakayemtaja?"

Shija alitazama kucha zake. "Huyo si wako tena. Hayo ni ya wanaume."

Ya wanaume nilikuwa nimekwisha kuyaona. Nikiwa msichana nilipita asubuhi mbele ya nyumba ya bibi mmoja aliyetajwa kuwa mchawi. Mlango ulikuwa wazi, kuku wanaingia na kutoka. Majirani wote walikuwa shambani wameipa nyumba ile migongo, wanalima bila kuinua vichwa, kama watu wanaowahi mvua, na mvua haikuwepo. Hakuna aliyesikia kitu. Mpaka leo hakuna aliyesikia. Kwa hiyo nilijua vizuri Shija anaomba nini. Maneno ya Bibi Kabula yalisikiwa na watu watatu: yeye, Masanja, na mimi. Masanja hayupo. Maisha ya yule mzee yalikuwa mdomoni mwangu kama ile misumari ya mume wangu, na jambo baya kuliko yote ni kwamba nisingesema uongo. Alisema kweli. Usivuke, alisema. Alijuaje?

Nitasema ukweli, nilitaka kwenda. Watu wa kanisani wanapenda kusimulia majaribu kana kwamba shetani alikuja na pembe, wakamtambua, wakamfukuza. Mimi shetani alinijia na huruma. Alinijia kwa mama mkwe aliyekonda akabaki mifupa ya mabega, na kwa mimba niliyokuwa nayo, ambayo kila mtu aliniambia itazaliwa haina baba kwa sababu ya ukaidi wangu. Wala sikuogopa kwamba mganga ataniongopea. Niliogopa kwamba atanionyesha Masanja kweli, amesimama na pumba mdomoni, nami nitamfuata popote.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa, Mzee Elikana, mtu mwema, mwenye cherehani barazani. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote isipokuwa jina. Alisimamisha cherehani akatazama njia kama kuna mtu.

"Binti, Mungu anajua sisi ni watu wa hapahapa. Nenda tu, usimwambie mtu. Ukirudi tutaomba pamoja."

"Sasa mzee, tutaomba nini na majibu tutakuwa tumeshayapokea kwingine?"

"Una mdomo wewe."

"Ndiyo mzee. Na ndio huo wanaoutaka."

Akarudi kwenye pindo lake la suruali. Nikatambua kwamba shauri la dunia si lazima litoke kwa watu wa dunia. Linaweza kukaa kiti cha mbele ibadani.

Nilirudi nyumbani nikatoa Biblia ya Masanja. Nilisoma kwa kidole habari za Sauli, alivyokuwa mfalme, alivyojibadilisha nguo akaenda kwa yule mwanamke wa Endori amwinulie Samweli kutoka kwa wafu. Mtu mzima yule, tena mfalme, na kitu pekee alichoambiwa ni kwamba atakufa. Kisha nikatafuta maneno ya nabii niliyofundishwa wakati wa ubatizo, yale yanayouliza kama inafaa walio hai wakaulize mambo yao kwa wafu. Anawasema waganga kwamba wanalia kama ndege na kunong'ona. Nilipofika hapo kidole kikasimama. Nje, juu ya mawe, ndege mmoja alikuwa analia, na chumbani kwake mama mkwe alikuwa ananong'ona peke yake. Nikafunga kitabu. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa na neno moja tu la Mithali, kwamba kifo na uhai viko kwenye ulimi, na ulimi ulikuwa wangu.

Alfajiri ya siku waliyopanga twende, niliamka kuchota maji nikamkuta mama mkwe kizingitini. Alikuwa amekaa miguu imenyooka, sahani mapajani, anamega ugali wa Masanja tonge kwa tonge, anabonyeza kwa dole gumba, anakula. Macho yalikuwa wazi. Nilipita mbele yake na ndoo, hakuniona. Nikasema, "Mama?" Akaendelea kutafuna. Alikuwa amelala. Baadaye jua lilipotoka alinionyesha sahani ileile, uso unang'aa kwa furaha, akasema, "Umeona? Kala yote leo. Anajua tunamfuata." Sikumwambia. Mpaka anakufa sikumwambia, na ninyi ndio wa kwanza kusikia. Mlinzi wa sahani ndiye aliyekuwa mlaji, naye hakujua. Nikafikiri, kama huzuni inaweza kumfanyia mtu hivi ndani ya nyumba yake, itamfanyia nini mbele ya mganga anayengojea jina?

Lakini nyundo haikuwa mama mkwe. Siku hiyohiyo, kabla Shija hajafika, ilianza tena, na mama mkwe nilikuwa nimemwacha kitandani kwake. Nikatoa shati msumarini nikateremka nalo. Mtumbwi ambao Masanja hakuumaliza ulikuwa umesimama juu ya magogo, mbavu wazi, kama samaki aliyeliwa. Nilipozunguka jiwe la mwisho sauti ilikatika. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na upepo pia, lakini maranda yalikuwa yanasogea chini ya mtumbwi, polepole, yanasogea na kutulia, kama yanavyosogea fundi akibadilisha mguu wa kusimamia. Juu ya maji vile vijidudu vya ziwani vilikuwa vimeinuka, nguzo nyeusi baada ya nguzo, vimefunika visiwa. Mama mkwe alikuwa ameniambia siku nyingi: ukimsikia, muite mara moja tu, akiitika ni wako. Nilifungua mdomo. Jina lake lilikuwa limefika kwenye meno. Sijui nilisimama vile muda gani. Nilichosema mwishoni hakikuwa jina lake. Nilisema, "Bwana, kama ni yeye, yuko mkononi mwako. Kama si yeye, vilevile." Nikazipa mbavu zile mgongo nikaingia majini mpaka magotini.

Nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche kwenye pindo la khanga. Kabla sijaanza nililiweka shati usoni. Lami, jasho, mbao. Kwenye kola palikuwa na Masanja mwenyewe, mzima kabisa, anapumua. Nilijua nikishalitia maji sitamnusa tena mpaka siku ya ufufuo, wala sikuwa na picha yake hata moja. Nikalitia. Nililifua kama wanavyofua wanawake wenye hasira, nikalipiga kwenye jiwe, nikalisuuza, nikalisabuni tena, mpaka likanuka sabuni tupu. Nyuma yangu, kwenye mtumbwi, ikagonga mara moja. Ngo. Sikugeuka. Mke wa Lutu aligeuka.

Shija alinikuta nalianika juu ya ukuta.

"Umefua?"

"Lilikuwa chafu."

"Na neno?"

"Neno sina."

Akamwita mama yake. Mama mkwe alitoka, akaligusa shati, akalinusa kola, akalinusa makwapa, akalinusa tena kola. Alisema taratibu sana, "Umemuua mwanangu mara ya pili." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Jioni mkeka wangu ulikuwa nje, na juu yake Biblia na shati lililokauka.

Hakuna mlango ulionifungukia ila ule Masanja alioutengeneza. Bibi Kabula hakuniuliza kitu. Alinisogezea kigoda upande wa pili wa moto wa kubanikia, akanipa kisu na samaki, nami nikaanza kupasua. Shija alikuja huko siku chache baadaye, saa sita mchana, na wanaume wawili nisiowajua, wameshika mapanga. Jina sikumpa, lakini macho mekundu ya bibi na mimi kulala kwake vilimtosha. Walisema wanapita kukata kuni. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakageuka, wakatupa migongo, wote, wakaendelea kuanika. Migongo ile niliikumbuka. Nikainuka na tumbo langu nikasimama kati ya moto na bibi.

"Karibuni," nikasema. "Samaki bado hawajaiva."

"Toka hapo, shemeji."

"Nitoke niende wapi? Hapa ndipo nilipofiwa. Mwenye kilio ni mimi, na mimi simdai mtu."

Shija alinitazama, akamtazama bibi, ambaye alikuwa anageuza samaki kana kwamba watu hawa ni moshi tu. Wale wawili walimtazama Shija. Bila neno la mjane walikuwa wauaji wa kawaida tu, na walilijua hilo. Wakaondoka bila kukata kuni.

Jioni ile ndipo nilipomwuliza bibi kwa nini alimwambia Masanja asivuke. Akafuta macho na kiganja.

"Mjukuu wangu, mimi namwambia kila anayevuka. Kila siku. Mume wangu alivuka asirudi, tangu hapo sinyamazi. Wale waliorudi, nani anakumbuka kwamba niliwaambia?"

Mwanangu alizaliwa katika moshi ule, mikononi mwa bibi yule. Tuliishi pamoja mpaka akafa, na alikufa kitandani, kwa uzee, mlango umefungwa vizuri. Wenzake wengi wa macho mekundu hawakupewa kifo hicho. Moto wake nikaurithi mimi, na macho yake nayo. Na nyundo? Haikunyamaza. Mtu anayewaambia kwamba ukimtii Mungu kila sauti itanyamaza, huyo hajakaa kando ya ziwa. Mchana mwingine naisikia hata sasa, mbili, kimya, moja. Sijui ni nini. Sijauliza.

Juzi mchana niliona kivuli mlangoni. Alikuwa Rehema, na mfuko wa nailoni mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ingia, mwanangu."

Hakuingia. Aliyatazama macho yangu, akatazama chini, akayatazama tena. Alisema wanamsubiri kwenye gari kule juu, shangazi na shemeji, wanakwenda mahali. Alisema ameambiwa kuna neno ataulizwa. Hakusema neno gani, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Siku mbili kabla mumewe hajazama, alinunua samaki kwangu, na nilimwambia mbele ya mke wake, "Usivuke wiki hii." Namwambia kila anayevuka. Nilijifunza kwa bibi.

Nilimwonyesha kigoda, akakaa. Nikamweleza haya niliyowasimulia hapa, isipokuwa ya sahani, kwa maneno machache zaidi. Sikumwombea na sikumsihi. Maisha yangu yalikuwa mdomoni mwake, na mtu hasihi kitu ambacho mwenzake lazima akitoe mwenyewe. Nilipomaliza nilileta beseni, nikalijaza maji, nikaliweka kati yetu. Nikakaa.

Gari likapiga honi kule juu. Rehema akatoa shati kwenye mfuko, jezi ya mpira ya bluu, akaiweka usoni, akakaa vile muda mrefu, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akainua kichwa ghafla, akageukia upande wa mawe, kama mtu aliyesikia akiitwa. Uso wake ulikuwa umesikia. Sikumwuliza anasikia nini.

Honi ikapigwa tena. Akanigeukia.

"Bibi," akasema, "una sabuni?"